Naunda kompyuta ya kuhariri video za harusi hapa Amu: vifaa gani, na diski nizipange vipi?

BintiLangoni

Assalaam aleikum nyote. Mimi hupiga video za harusi hapa Amu, upande wa wanawake: kutia hina, kupamba, na sherehe za ukumbini. Kuhariri nahariri kwa laptopu ya zamani ambayo sasa ikifunguliwa video mbili huvuma kama jenereta. Nataka kompyuta ya mezani niiunde mwenyewe. Bajeti ni shilingi 95,000, skrini na kibodi ninazo. Duka moja la Nairobi limenitumia orodha hii:

Prosesa Ryzen 5 5600, mazabodi ya B450, RAM kijiti kimoja cha 8GB, SSD ya SATA ya 256GB, diski ngumu ya 1TB, kasha lenye feni nne za taa za rangi, na pawasaplai iliyokuja na kasha. Kadi ya picha wameniambia nitaongeza baadaye.

Kamera yangu huandika 4K kwa megabiti 100 kwa sekunde, na nafanya kazi na mwenzangu mwenye kamera ya aina hiyohiyo. Je, orodha iko sawa? Na diski hizo mbili nizipange vipi nisichanganye mafaili?

AmiShela

Waleikum salaam mwanangu. Kwa pesa hizo chukua ile ya ofisini iliyotumika, ex-UK, yenye i7, utabakiwa na chenji ya kununulia kamera. Haya mambo ya kuunda ni ya vijana wa michezo.

FundiMalindi

Waleikum salaam dada. Usilipe bado.

Kwanza kabisa, hiyo Ryzen 5 5600 haina chipu ya kutoa picha kwenye skrini ndani yake. Yenye picha ni 5600G, kwa herufi G mwishoni. Ukiwasha mashine hiyo bila kadi ya picha, feni zitazunguka na taa zitawaka, lakini kwenye skrini hutaona kitu. Kwa Intel ni kinyume chake: nyingi zina picha, na yenye F mwishoni ndiyo isiyo nayo. Tena B450 ni bodi iliyotoka kabla ya prosesa hiyo, kwa hiyo huenda ikataka BIOS mpya (programu ndogo ya kuiwasha bodi) ndipo iitambue. Muuzaji aliyeandika orodha hii ama hakusoma, ama anajua utarudi kununua kadi.

Kwa kazi yako mimi ningekwenda Core i5-12400, isiyo na F. Ina koa 6 na nyuzi 12, na picha yake ya ndani ina Quick Sync, sehemu maalumu ya kufungua na kufunga video. Kamera nyingi za siku hizi huandika H.265, namna ya kubana video, ya biti 10 kwa mpango wa rangi wa 4:2:2, na kuanzia kizazi cha 11 Intel huifungua hiyo kwa chipu, ilhali kadi nyingi za bei kubwa huiachia prosesa ihangaike. Hakikisha tu programu yako ya kuhariri hutumia Quick Sync. Kadi ya picha isubiri.

Mazabodi iwe B660 au B760, lakini tazama jina kwa makini. Kuna za DDR4 na kuna za DDR5, vizazi viwili vya RAM, na kijiti cha moja hakiingii kwenye nyingine. Za DDR4 mara nyingi huandikwa D4 au DDR4 kwenye jina. RAM imepanda bei tangu mwishoni mwa 2025, kwa hiyo sikwambii ununue 64GB. Chukua vijiti viwili vya 8GB kama pesa inabana, viwili vya 16GB kama inaruhusu, lakini viwe viwili. Kijiti kimoja kinatumia njia moja tu ya kumbukumbu, na picha ya ndani ya prosesa hula RAM hiyohiyo, itasikia njaa. Bodi ikiwa na nafasi nne, viweke ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa, kisha uwashe XMP, mpangilio wa kasi ya RAM, kwenye BIOS, la sivyo RAM itakwenda kwa mwendo wa chini ilhali umelipia wa juu.

Kuhusu pawasaplai ya bure: kataa. Sisi wa Pwani umeme wetu mwaujua. Chukua ya wati 550 yenye alama ya 80 Plus Bronze kutoka kampuni inayotoa waranti ya miaka, na pesa za feni za rangi zitakuwa zimepata kazi. Kisha UPS, kile kifaa cha betri kinachoshikilia umeme ukikatika, ya aina ya line-interactive, ile inayorekebisha volti zikipanda na kushuka kabla ya kugusa betri. VA si wati. UPS nyingi za 1000VA hubeba kama wati 600. Yakutosha kabisa, maana mashine hii bila kadi ya picha haitafika hata nusu ya hapo. Unganisha na ile kebo yake ya USB ili umeme ukikatika wewe hupo, kompyuta ijizime yenyewe. Umeme ukikatika diski ikiwa katikati ya kuandika, faili la harusi ya mtu laweza kuharibika, na harusi hairudiwi.

Za diski nakuja, nina mteja hapa.

Mwanachuo_Kilifi

Ami, hizo za ofisini si mbaya, lakini nyingi zina bodi na pawasaplai za umbo lao wenyewe. Ikifa pawasaplai huendi dukani ukachukua yoyote. Na i7 ya kizazi cha 4 au cha 6 haimo kwenye orodha ya Windows 11, na Windows 10 ilimalizika msaada tarehe 14 Oktoba 2025. Dada, ningekuwa wewe ningeweka Linux tu, mambo yakaisha.

AmiShela

Sawa kijana, hilo la umbo umenipata. La Linux mwachie mwenyewe.

FundiMalindi

Nimerudi. Mwanachuo, Linux naipenda, lakini kama dada anatumia programu ya kuhariri ya DaVinci Resolve ya bure, toleo hilo kwenye Linux halifungui H.264 wala H.265, na ndizo kamera nyingi huandika. Atatumia usiku mzima kubadilisha mafaili kabla hajaanza kazi.

Sasa diski. Hapa ndipo orodha ya duka imeniudhi zaidi. Hebu tuhesabu. Megabiti 100 kwa sekunde ni megabaiti 12.5. Saa moja ni 45GB. Kamera mbili kwa saa nne ni 360GB. Harusi moja hiyo! Diski ya 1TB haibebi tatu, na SSD ya 256GB ukishaweka Windows na programu haibebi hata moja. Orodha hii ni ya mtu anayechapa barua.

Nafasi ya kazi iwe NVMe ya 1TB, ile inayolala juu ya bodi bila waya. Angalia mambo matatu. Umbo ni 2280, yaani milimita 22 kwa 80. Pili, M.2, jina la nafasi hiyo ya juu ya bodi, ni umbo tu, haikwambii mwendo: kuna M.2 za SATA zinazoishia megabaiti 550 hivi kwa sekunde, na kuna NVMe za PCIe 3.0 zinazofika 3,500, na za PCIe 4.0 zinazofika 7,000. Kwa video zako ya 3.0 yatosha, usivutwe na namba. Tatu, iwe ya chipu za TLC (biti tatu kwa seli), si QLC (biti nne). QLC ukiijaza na ukimwaga mafaili makubwa kwa mkupuo hushuka mwendo mpaka chini ya diski ngumu. Na usiijaze pomoni, acha sehemu ya kumi hivi wazi.

Halafu diski ngumu za 4TB, mbili. Moja ndani ya kasha, moja ya nje. 4TB ni harusi 11 za ukubwa wako. Ya nje si nyongeza ya nafasi, ni nakala ya ile ya ndani, na ikishanakili ichomolewe na ilale nyumba nyingine. Nakala iliyochomekwa saa zote huuawa na radi ileile na virusi vilevile.

Utasikia habari za SMR na CMR, namna mbili za kupanga data kwenye diski ngumu; CMR ni ile ya kawaida isiyopandanisha njia. SMR hupanga njia za data zikipandana kama vigae ili diski iwe rahisi, na kwa hiyo kuandika upya juu ya kilichopo huchukua muda mrefu. Kwa ghala unaloandika mara moja ukaacha, SMR haina ubaya. Kuhariri juu yake ndiyo mateso.

BintiLangoni

Ahsante sana kaka. Hiyo hesabu ya 45GB imenifungua macho, ndiyo maana diski zangu hujaa sioni vipi. Natumia Resolve kweli, ya bure, kwenye Windows. Sasa nikishavipata vyote, mpangilio wenyewe je? Hiyo NVMe niigawe au niiache moja? Na vitafikaje huku bila kuvunjika?

FundiMalindi

Kuigawa watu wataligombania hili, mimi naigawa. 250GB ya Windows na programu, zilizobaki za kazi inayoendelea. Ukiharibikiwa na Windows waweza kufuta sehemu ya kwanza na kuweka upya bila kugusa harusi iliyo mezani. Lakini diski ikifa zinakufa sehemu zote mbili, kwa hiyo usije ukanakili kutoka D kwenda C ukajiona una nakala.

AmiShela

Naligombania. Kugawa diski ni mazoea ya zamani. 250 itajaa kwa kashe za Resolve (mafaili yake ya muda), utaanza kusukuma kuta. Folda mbili zatosha.

FundiMalindi

Ami, kashe ya Resolve utaielekeza sehemu ya kazi kwenye mipangilio yake. Tuendelee.

Wakati wa kuweka Windows, chomeka NVMe peke yake. Diski ngumu acha kebo yake ya SATA nje. Sababu ni kwamba kisakinishi kikikuta diski mbili chaweza kuweka sehemu ndogo ya kuwashia, ile ya EFI, kwenye diski usiyoitaka. Huoni tofauti mpaka siku utakapoitoa diski ngumu, na kompyuta ikakataa kuwaka ingawa Windows iko salama kwenye NVMe. BIOS iwe kwenye UEFI, mtindo mpya wa kuwasha, si Legacy ya zamani, na kwa Windows 11 washa TPM, sehemu ya usalama. Kwenye bodi za Intel huitwa PTT.

Windows ikishatulia, zima, chomoa umeme, chomeka diski ngumu. Ukiwasha hutaiona kwenye This PC. Usikimbilie kuirudisha dukani, diski mpya haina jedwali la sehemu. Bonyeza kulia alama ya Windows, ingia Disk Management, itakuuliza jedwali liwe MBR au GPT. Chagua GPT. MBR kwenye 4TB itakupa kama 2TB tu na zilizobaki utazitazama. Kisha tengeneza sehemu moja ya NTFS, ipe jina la maana, GHALA kwa mfano, na herufi ya mbali, tuseme R, ili flashi zikichomekwa zisiibadilishie njia na Resolve ikapoteza mafaili.

1TB ikisomeka 931 hukuibiwa. Kiwanda huhesabu kwa elfu, Windows huhesabu kwa 1,024.

Ila kuibiwa kupo. Kabla hujaweka kazi kwenye diski yoyote, endesha CrystalDiskInfo, programu ya kusoma afya ya diski. Diski ngumu "mpya" yenye maelfu ya saa za kuwashwa si mpya. Reallocated Sectors na Current Pending Sector, hesabu za vipande vibovu, zote ziwe sifuri. Ukiona namba ya CRC (makosa ya kusafirisha data) inapanda, badilisha kebo ya SATA kwanza kabla ya kuilaumu diski. Na flashi au SSD ya nje ya bei ya kushangaza ipime kwa H2testw, ambayo huijaza mpaka mwisho na kusoma tena. Kuna zinazojitangaza 2TB ndani zina 64GB, na huwa zinapokea mafaili bila kulalamika.

Usafiri: usiruhusu waiunde Nairobi halafu waitie kwenye basi. Heatsink nzito ikitikisika mpaka Mokowe hung'oa bodi. Waambie vije kila kimoja kwenye boksi lake. Diski ngumu zibebe mtu unayemjua mkononi, zikiwa ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa kwa sababu ya maji ya boti. Kutoka jeti, kasha mpe hamali wa punda kama wataka. Diski usimpe.

Mwanachuo_Kilifi

Na hewa ya chumvi? Mimi RAM yangu ilikuwa ikigoma kila baada ya miezi, nikiifuta pini zake inarudi.

FundiMalindi

Swali zuri. Kwa nyumba za mawe za Amu, kuta za matumbawe na chokaa hunywa unyevu na kuutoa polepole, kwa hiyo kasha lisiegemezwe ukutani wala lisikae sakafuni. Dirisha la upande wa bahari si mahali pake, hata kama upepo ni mtamu. Kompyuta inayowashwa mara kwa mara huharibika polepole kuliko iliyofungiwa miezi, maana joto lake hukausha unyevu. Nafasi zisizotumika nyuma ya kasha zifunikwe, mijusi huingia na hutaga humo. Pini za RAM zifute kwa spiriti ya isopropili na kitambaa kisichotoa nyuzi, mashine ikiwa imechomolewa. Hakuna la ajabu zaidi.

MamaKibokoni

Naingia kwa kuchelewa. Mimi nafanya kazi hiihii Mombasa, na naona mmezungumza mwendo na nafasi, lakini nyinyi wanaume kuna jambo hamlioni. Huyu mdogo wangu anapiga video za kupamba. Humo wanawake wamevua buibui, nywele ziko nje, simu zinazuiliwa mlangoni. Wanamruhusu yeye kwa sababu wanamwamini. Picha hizo zikitoka, si faili lililopotea hilo, ni nyumba ya mtu. Kwa hiyo, mdogo wangu, swali la kwanza la diski zako si inakwenda kasi gani, ni nani ataisoma ikiibwa au ikienda kwa fundi.

Zifunge zote kwa ufunguo. Windows Pro ina BitLocker ya kufungia diski, iwashe kwa kila diski, pamoja na ile ya nje. Toleo la Home haliwezi kufunga diski ya nje kwa BitLocker, hapo tumia VeraCrypt, ni ya bure. Fanya hivyo siku ya kwanza diski ikiwa tupu, ni dakika chache; ikishajaa 4TB utasubiri. Ule ufunguo mrefu wa kurejesha, wa tarakimu 48, uchapishe kwenye karatasi, weka pamoja na hati zako. Na uwe nao karibu kila unapoweka BIOS mpya, kompyuta yaweza kuuomba.

Mawinguni usipeleke. Hata folda ya Desktop, kagua kama OneDrive haijaanza kuipakia kimyakimya.

Na waambie wateja kwa maandishi picha ghafi utazihifadhi mpaka lini. Mimi wakishapokea na kuridhika, muda ukifika nafuta, na nafasi yangu ya diski inarudi.

FundiMalindi

Mama, shikamoo. Umenena, na mimi ndiye fundi anayeletewa hizo diski. Naongeza upande wangu: kufuta faili na kumwaga debe la taka hakufuti kitu kwenye diski ngumu, na fomati ya haraka hali kadhalika. Programu za bure zinarudisha. Kabla ya kuuza au kutupa diski ngumu, ingia diskpart, programu ya amri iliyomo kwenye Windows, chagua diski hiyo, andika `clean all`. Hujaza sifuri mwanzo hadi mwisho. Yachukua saa nyingi kwa 4TB. Soma namba ya diski mara mbili kabla ya kubonyeza, haiulizi. SSD haifutwi kwa njia hiyo, tumia Secure Erase iliyomo kwenye BIOS ya bodi nyingi au programu ya kiwanda chake. Na diski iliyokufa isiyozunguka, ikiwa haikuwa imefungwa kwa ufunguo, usiipeleke kwenye waranti. Toboa sahani zake kwa drili, hasara ya diski ni ndogo.

BintiLangoni

Shikamoo mama, na ahsante. Hilo ndilo lililokuwa likininyima usingizi na sikujua kuliuliza. Laptopu hii ikienda kwa fundi huwa nakaa palepale mpaka amalize.

Nimeandika upya orodha: i5-12400, B660 ya DDR4, vijiti viwili vya 8GB na nafasi mbili zibaki wazi, NVMe ya 1TB ya TLC, 4TB ya ndani, 4TB ya nje, pawasaplai ya wati 550, kasha la kawaida lenye vichujio vya vumbi. UPS ninayo ofisini kwa kaka, atanipa. Windows Pro. Bei aliyonipa muuzaji mwengine imepita bajeti kidogo. Nipunguze nini?

FundiMalindi

Bodi iwe ya bei ya chini zaidi mradi ina nafasi nne za RAM na nafasi mbili za M.2. Soma kijitabu chake, bodi nyingine ukijaza M.2 ya pili huzima mlango mmoja wa SATA. Kasha chukua lolote linalopitisha hewa. Ile feni inayokuja kwenye boksi la prosesa yatosha, usinunue nyingine. 4TB ya nje usiipunguze. Betri ya hiyo UPS ya kaka ipime kabla, ikiwa ya miaka mingi itakuzimikia.

MamaKibokoni

Na 4TB ya nje ilale wapi? Usije ukaiweka kabati moja na kompyuta.

BintiLangoni

Kwa dada yangu Shela, ikiwa na BitLocker. Yeye mwenyewe hatakuwa na ufunguo.

AmiShela

Sawa, mmenishinda. Lakini mwanangu, hiyo laptopu ya zamani usiiuze kabla hujaniambia, mjukuu wangu anataka ya kusomea.

BintiLangoni

Ami, nitakuletea Ijumaa inshallah, lakini bila diski. Mnunulie mjukuu SSD ya 240GB ya SATA, ya inchi 2.5, nitamwekea mwenyewe.